Msizistaafishe bendi zetu kongwe

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja aliandika kwamba bendi kongwe za dansi zistaafu, eti wazee wanang'ang'ania majukwaa. Mimi ni kinyozi wa Ngamiani, Barabara ya 12, nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Naomba nafasi nimjibu.

Vijana wakija kutaka kiduku, ambacho wengine tulizoea kukiita panki, huwa nawasimulia habari za msusi mmoja wa London, Charlie Harper, aliyekuwa na saluni mtaa wa Tooting. Mwaka 1976 alianzisha bendi ya muziki wa panki, UK Subs. Alikuwa na miaka 32 tayari. Kwa watoto waliokuwa wakipiga muziki ule, huyo ni mjomba. Muziki wenyewe, niseme kweli, kwangu ni kelele: gitaa linakwaruza, ngoma zinafukuzana, hujatulia wimbo umekwisha. Mpwa wangu baharia ndiye aliyeniletea kwenye simu. Kilichonishika ni ukaidi wa yule mtu.

Albamu yao ya kwanza, ya 1979, jina lake lilianza na A. Iliyofuata B. Ya C waliirekodi jukwaani, ikaingia kumi bora za Uingereza mwaka 1980. Baadaye umaarufu ukapungua, mwenyewe akaendelea na alfabeti yake kama mtoto wa chekechea. Kwenye X ningekwama mimi. Yeye alihesabu akaona ni herufi ya 24, basi albamu akaiita XXIV, kwa namba za Kirumi. Z aliifikia 2016, ana miaka 72. Wapiga gitaa na wapiga ngoma wamepanda na kushuka kama abiria wa daladala; konda ni yuleyule. Na muda wote huo maisha yao ni barabarani, leo ukumbi mdogo wa mji huu, kesho baa ya mji ule.

Sasa tuje kwetu. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mwimbaji wao mkongwe, Muhidin Gurumo, alifariki 2014 na bendi haikuzikwa naye. Sikinde, yaani Mlimani Park, ni ya tangu 1978. Sisi wa Tanga tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zikatuponyoka, na sijui kama tumejifunza kitu.

Maana mwaka jana ilikuja hapa bendi moja kutoka Dar es Salaam, sitaitaja. Mpiga gitaa la solo wao, mzee kunizidi, aliingia kibandani kwangu saa kumi jioni nimchonge ndevu. Alipoweka mkono wa kushoto kwenye mkono wa kiti nikaona ncha za vidole: ngumu, zimeng'aa, zina mifereji ya nyuzi. Aliniambia wamekuja na Costa ya kukodi, vyombo wamevipakata. Usiku ule walipiga hadi saa saba, watu wamejaa, mwenye ukumbi akawalipa nusu kwa maelezo kwamba bia hazikuuzika. Hapo nani aliyechoka, mzee au mwenye ukumbi?

Asubuhi alipita kuniaga, wakisubiri mafuta ya kurudia yachangwe. Nilimwambia ile ya ndevu asilipe. Akakataa, akaniwekea noti kwenye droo ya nyembe, akauliza kama Pangani kuna ukumbi.

Kama msomaji wako anaujua, anitumie jibu. Nimeahidi kumpigia simu.

Kinyozi wa Ngamiani,
Tanga