Jumamosi twahamia Mambrui

Assalam aleikum wapendwa, habari za jioni?

Kikao cha Jumamosi hakipo tena Malindi mjini. Twaenda Mambrui, saa tatu asubuhi, kuwapima kina mama wajawazito kwa altrasaundi, ile mashine ya kumwona mtoto tumboni. WHO, Shirika la Afya Duniani, yashauri kipimo kimoja kabla ya wiki 24 za mimba. Mara iliyopita tulimpokea mama wa miezi minane, ndiyo mara yake ya kwanza kupimwa.

1. Mchango sh. 500 kufikia Alhamisi, wa mafuta ya gari na jeli ya kupaka tumboni wakati wa kupima. (Jeli ilituishia mama wa tisa keshalala kitandani. Aibu!)
2. Mnaosomea radiolojia, hapo pana mada ya utafiti. Ila kibali cha kamati ya maadili kwanza, na majina ya wagonjwa msiyanakili.

Nani yuko? Jibu "Nipo" kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, na useme kama una gari. Ahsanteni.