Kaka, ngoma ya babu uliirudisha kwenye buti

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza, basi nakuandikia hapa hapa mbele za watu. Tangu Damo Suzuki, yule Mjapani aliyeimba na bendi ya Kijerumani ya Can, afariki, tarehe 9 Februari 2024, hapo hapo Köln, Ujerumani, unakoishi, nimengoja unipigie. Nilidhani msiba huu utatupatanisha.

Wewe ndiye uliyenijulisha naye. Nilikuwa mgeni, sijui hata tramu ya kupanda, nawe ukanikalisha sakafuni ukaweka santuri ya Can, Tago Mago, ya 1971, ule wimbo wa dakika kumi na nane. Ukanyanyua kidole: sikiliza ngoma kwanza. Jaki Liebezeit, mpiga dramu wao, anapiga mdundo mmoja, haukatiki wala hauchoki. Nikasema huyu Mjerumani angekesha na wapigaji wa kwetu harusini mpaka kuche. Ulicheka ukapaliwa na chai. Kisha akaingia Damo, mara ananong'ona, mara anafoka, Kiingereza, Kijapani, na maneno yasiyo ya lugha yoyote, kama mtoto anayejisemesha peke yake. Ukaniambia nisihangaike na maana, nifuate pumzi yake tu. Mpaka leo ndivyo ninavyomsikiliza.

Na kisa cha Munich nani alinihadithia? Mwaka 1970, Damo, kijana wa mji wa Kobe, Japani, miaka 20, anaimba barabarani. Holger Czukay, mpiga besi, na Jaki wako mkahawani, bendi yao ya Can haina mwimbaji, na usiku ule ule wana onyesho. Wakamwita. Bila mazoezi, akapanda jukwaani. Kila mgeni aliyefika kwako ulimsimulia, tena umesimama.

Ndiyo maana ule usiku haujanishuka kooni.

Damo alishaondoka Can mwaka 1973, akakaa miaka mbali na muziki, kisha akarudi kwa njia yake: anazunguka dunia, kila mji anaimba na wanamuziki wa papo hapo, bila mazoezi, wengine hata hajawahi kuwaona. Aliwaita wabeba sauti. Wale vijana waliokuwa zamu ya kumpigia usiku ule niliwabembeleza wiki tatu wakupe nafasi, kaka. Wiki tatu! Ngoma ya babu uliiegemeza kwenye hita tangu alasiri ngozi ikaze, maana Novemba hakuna jua wala moto wa kuotea. Tukafika, nikafungua buti, nikaifunua kanga ya mama. Ukainyanyua ngoma kutoka mikononi mwangu, ukairudisha, ukafunga. "Nitapiga nini? Wimbo siujui." Ukawasha gari.

Nilikuita mwoga, mbele ya wale vijana. Kwa Kiswahili, lakini ukali wa sauti hauhitaji mkalimani. Najua ndilo neno unalolishikilia, na hukustahili kulisikia pale nje, wewe uliyenipokea na kunilisha. Lakini ungekuwa mimi ungesemaje? Niliingia peke yangu. Pembeni ya mpiga dramu walikuwa wamekuwekea kiti. Damo amefumba macho, nywele zimemfunika uso, kipaza sauti amekibana kwa mikono miwili, anaimba, na mimi namtazama yeye, natazama kile kiti. Nilisimama mpaka mwisho ili angalau mmoja wetu awepo.

Ulisema tutakwenda siku nyingine. Mwaka 2014 saratani ya utumbo ikamwangusha, akapasuliwa mara nyingi, akarudi tena kuimba. Siku nyingine zilikuwepo, kaka. Mwenye mwili uliokatwakatwa alifika, wewe mzima wa afya hukufika.

Nakusihi, usingoje kuujua wimbo. Ipige hata jikoni. Sikuombi ili nionekane nilikuwa sahihi. Au labda naomba hivyo pia, maana nimechoka kubeba lawama ya neno moja wakati wewe hujawahi kuulizwa habari za kile kiti.

Mimi nimesharudi Tanga. Ile kanga nilibaki nayo mkononi siku ile, nimeifua, iko kabatini. Ukija likizo njoo na ngoma, huku jua la kuianika lipo.