Nataka kufunga akaunti, kundi nimwachie nani?

Shikamoo Shangazi.

Natumaini u buheri wa afya. Nakuomba ulihifadhi jina langu. La mtandao nalihifadhi mwenyewe, maana yaliyonikuta yangeweza kumkuta yeyote kwenye mtandao wowote.

Nina kijana wangu wa kiume mwenye kifafa. Hivi sasa yuko sekondari, anameza dawa zake bila kusukumwa, na ni siku nyingi hajaanguka. Lakini alipoanza alikuwa mdogo mno, na mimi sikuwa na wa kumuuliza. Daktari ana foleni mlangoni, na ndugu kila mmoja ana mganga wake. Ndipo nikafungua kundi mtandaoni la wazazi wenye watoto kama wangu. Tulianza wachache tunaojuana mmoja mmoja. Leo tuko maelfu, na kuna wanachama ninaozijua shida zao zote bila kuwajua sura.

Nikueleze kidogo kazi yake, usije ukadhani ni kijiwe cha soga. Usiku wa manane mama anaposti mstari mmoja: "Anarusha mikono, macho yamegeuka, nifanyeje?" Hapo hapo majibu yanaanza kushuka. Mlaze ubavu. Mlegezee nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole. Usimkandamize. Tazama saa, zikipita dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali. Halafu tunasubiri, watu ambao hatujawahi kuonana, mpaka aandike "ametulia, amelala". Ukishaliona hilo hata mara moja, anayekuambia mitandao ni upuuzi mtupu unamwacha aongee.

Ila jasho la admini halitoki hapo. Linatoka kwenye kufukuza wauzaji. Kila nikiamka nakuta posti za mizizi, mafuta na matone ya "kifafa kwisha kabisa", na karibu zote zina sharti moja: acha kwanza dawa za hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzifuata. Na mtu akiziacha ghafla anaweza kupatwa na mtukutiko unaofuatana na mwingine bila kurudiwa na fahamu, ambao unaweza kuua. Kwa hiyo nikiifuta posti ya muuza mizizi sitafuti ubabe. Tulikuwa maadmini watatu. Wawili wamejitoa, mmoja kwa kuchoka, mwingine mtoto wake alifariki na hakutaka tena kuiona simu. Nimebaki peke yangu.

Sasa lililonifikisha kwako. Kijana alirudi kutoka shule akanionyesha picha ya skrini ambayo wenzake walikuwa wanapeana darasani. Ni posti yangu ya zamani. Nimesimulia jinsi alivyoanguka mbele za watu akajikojolea, na chini nimeweka picha yake amelala hospitali, mdomo wazi, bendeji mkononi. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mama, hii uliniomba ruhusa?" Alikuwa na miaka minne wakati ule. Kisha akasema anataka yote yaondoke. Hataki yafichwe, anataka yafutwe. Na akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: akaunti yangu inaitwa Mama Fulani, na huyo Fulani ni yeye. Kila anayenisalimia kwenye kundi anamtaja yeye, na kila anayeniuliza habari za kifafa anaandika jina lake.

Najua wapo watakaosema sikupaswa kuandika. Siafikiani nao. Niliandika kwa sababu mtoto alikuwa ananifia mikononi na wazazi wenzangu ndio walionijibu. Lakini naafiki pia kwamba yule mtoto amekuwa mtu, na mwili ninaousimulia ni wake. Amenisomea kwamba kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuna sheria ya kulinda taarifa za watu, imeanza kutumika 2018, inayompa mtu haki ya kudai habari zake zifutwe. Nikamwambia mimi si kampuni. Akanijibu, "Afadhali kampuni, ingebidi inijibu."

Nimeamua kuondoka, Shangazi. Uamuzi huo siombi unisaidie, nimeshaufanya, na sehemu yake ni kwa faida yangu mwenyewe, maana simu inanishika mpaka saa nane za usiku. Tatizo ni namna ya kuondoka.

Taratibu nimezisoma zote. Kuna kuzima akaunti kwa muda, ambako ukurasa unajificha na siku ukirudi unakuta kila kitu kama ulivyokiacha. Kijana amelikataa hilo papo hapo. Kuna kufuta moja kwa moja. Facebook, Instagram na X wanakupa siku 30 za kughairi. Ukiingia tena ndani ya muda huo unaweza kuirudisha akaunti yako. X wanaonya hata kwamba programu nyingine uliyoiunganisha na akaunti inaweza kuifufua bila wewe kukusudia. Facebook wanasema kusafisha kila kitu kwenye hifadhi zao kunaweza kuchukua hadi siku 90, na ujumbe uliokwisha kumtumia mtu unabaki kwenye inboksi yake. Mtandao wangu nao una hizo siku 30, na ndizo ninazoziogopa. Najijua. Atatokea mtu atanitumia ujumbe kwa njia nyingine, "dada ingia, mtoto wa fulani amezidiwa," na mimi nitaingia.

Hilo dogo. Kubwa ni kwamba posti iliyobandikwa juu kabisa ya kundi, yenye maelekezo ya huduma ya kwanza, ni yangu. Chini yake wazazi wamejazana wakieleza dawa ipi ilimfanya mtoto asinzie darasani, ipi ilimletea hasira, walimwambia nini mwalimu mkuu, walifanyaje mtoto alipofukuzwa bwenini. Nikifuta akaunti posti inaondoka, na posti ikiondoka yanaondoka na majibu yote. Si maneno yangu yale, ni ya watu. Niliomba nakala ya akaunti yangu nikidhani nitayaokoa. Faili likaja kubwa, nikalifungua kwa hamu, nikakuta niliyoyaandika mimi peke yake. Ni sawa na kumsikiliza mtu anayeongea na simu: "Ndiyo. Pole sana. Jaribu kumuuliza daktari kuhusu hilo." Hilo lipi? Halimo.

Nikajaribu njia ya katikati. Nikabadilisha jina la akaunti, nikaanza kufuta posti za kijana moja moja. Kijana akatafuta jina lake kwenye kundi akanipa simu. Nikavuta chini, nikavuta, haliishi. "Mama Fulani asante." "Mama Fulani, wangu naye kaanza kama Fulani wako." Kama admini naweza kuzifuta komenti hizo, lakini karibu kila moja imebeba kisa cha mtoto mwingine. Nimekaa na kidole juu ya kitufe nisijue nianze na cha nani.

Na kundi lenyewe je? Kwenye mtandao huu admini wa mwisho akiondoka kundi halifi. Wanachama wanaulizwa nani anataka kulisimamia, na anayewahi kubonyeza ndiye anayelichukua. Nani atawahi, namjua. Yupo bwana mmoja mstaarabu sana, hajawahi kumtukana mtu, anajibu maswali kuliko mimi. Anauza matone. Nimemwonya mara kadhaa naye huomba radhi vizuri, kisha anahamia kwenye inboksi za akina mama wapya. Aliposikia fununu kwamba naondoka akaniandikia kuwa yuko tayari kulinunua kundi. Tena si kundi peke yake, anataka na akaunti yangu "kama ilivyo, jina lile lile, watu wamelizoea". Yaani Mama Fulani aendelee kuwashauri wazazi, kumbe anayeandika ni muuza matone, kwa jina la mwanangu. Nilisisimkwa. Mitandao mikubwa inakataza kuuza akaunti, lakini hilo ni la kwenye karatasi. Biashara hiyo ipo na kila admini wa kundi kubwa ameshapata ofa yake.

Waliobaki ni wawili. Kuna muuguzi, anaijua kazi na watu wanamwamini, ila ana zamu za usiku na amenambia wazi hataki lawama. Na kuna mama kijana ambaye mtoto wake ameanza kuanguka majuzi tu. Huyo ana moto, anaomba nimwachie hata kesho. Lakini bado analia kila siku, na admini wa kundi letu anasoma mambo mazito: anayeomba kujiunga hujibu maswali, na humo watu wanaandika waliyomficha hata mume. Sijui kama nitakuwa nimempa kazi au nimemtwisha mzigo.

Mtu mmoja akashauri tuhamie WhatsApp. Kundi la huko mwisho wake ni watu 1,024, sisi tumepita, na huko namba ya kila mtu iko wazi kwa wenzake. Wengi wetu wamejificha kwa wakwe. Hilo nililikataa.

Mume wangu anasema futa kundi, futa akaunti, ulale. Hao watu walikuwa wazazi kabla yako na watabaki wazazi baada yako. Anasema pia, na hapo ananiumiza kwa kuwa ni kweli, kwamba waliopiga picha za skrini wanazo, nifute nisifute. Upande wa pili kuna bibi mmoja anayelea mjukuu wake, aliniandikia: "Mwanangu, mimi sijui kutafuta mambo kwenye simu. Najua kufungua hapo tu." Sijamjibu mpaka leo.

Nilichofikiria ni hiki, unikosoe. Nilisimamishe kundi kwanza, liwe la kusoma tu bila kuposti, kwa muda ambao nitautangaza. Wenye visa vyao wajichukulie wanavyovitaka, wasiotaka vibaki wafute. Maelekezo ya huduma ya kwanza muuguzi ayaposti upya kwa jina lake, hata kama hatakuwa admini. Kisha mimi nifute, kijana akiwa pembeni, na hilo nenosiri abadilishe yeye asiniambie, ili siku 30 zipite salama.

Lakini likisimamishwa, mama wa usiku wa manane atamwandikia nani? Nikimwachia yule mama kijana, nimwombe muuguzi awe naye hata kwa jina tu, itatosha? Au lifutwe kama anavyosema baba watoto? Na kijana wangu, je, nina haki ya kumwomba anivumilie mpaka nipate mtu wa kuaminika, au kila siku ninayoongeza ni kumtumia tena bila ruhusa yake?

Muuza matone ameniandikia tena jana, ameongeza dau. Nimjibu au nimwondoe kundini kabisa? Nikimwondoa atafungua kundi lake, na kuna watu watamfuata.

Nasubiri ushauri wako, na wa wasomaji waliowahi kusimamia makundi.

Ni mimi,
Admini Aliyechoka