Kreatinini safi si cheti cha uzima

Mhariri,

Miaka 11 nanunua gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia, hata siku ile mlipoweka picha ya ng'ombe mkaandika chini yake "nyumbu". Lakini makala ya Jumapili kuhusu saratani ya figo imenishinda kunyamazia. Kichwa saratani, ndani yake ni figo kufeli, mashine za kusafisha damu na shauri la kunywa maji mengi. Mwisho mnamwambia msomaji akapime kreatinini, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa. Ikiwa sawa, alale usingizi.

Kaka yangu aliulala usingizi huo. Sisi wa Shinyanga tumekulia kwenye majaruba ya mpunga, mtu akikojoa damu hakuna anayeshtuka: kichocho hicho. Mkojo wake ulitoka mwekundu kama juisi ya rozela, wala hakuumwa popote. Akapewa dawa za kichocho, baada ya siku chache ukawa safi, tukashukuru Mungu. Ukarudi, akapewa tena. Mara ya tatu ndipo wakapima damu, kreatinini ikatoka safi. Ingekosaje kuwa safi? Figo ziko mbili, kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kwa pamoja zinachuja kama lita 180 kwa siku ili mtu akojoe lita moja na nusu hivi. Moja ikiota uvimbe, mwenzake hubeba mzigo kimyakimya na majibu ya damu yanapendeza tu. Uvimbe ulikuja kuonekana kwa altrasaundi, jeli ya baridi tumboni na dakika kumi za kugeuzwa ubavu huu na ule, baada ya miezi 14 ya kutibiwa kichocho! Figo ya kushoto ikatolewa nzima. Anaishi na moja. Na sigara alizovuta tangu ujana, ambazo ni kihatarishi cha saratani hiyo sawa na unene na shinikizo la damu, makala yenu haikuzigusa.

Halafu chini ya makala hiyohiyo, tangazo la unga wa "kusafisha figo siku saba". Muuza unga wa namna hiyo tunaye stendi na spika yake, hatuhitaji kumlipia gazetini. Figo si sufuria.

Ombi langu: tangazo hilo litoke, pachorwe mgongo wa mtu, na chini ya mbavu figo mbili za ukubwa wa ngumi, kila upande wa uti wa mgongo moja. Pembeni mwandike: damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata isipouma, ulizia altrasaundi. Nafasi ikikosekana, punguzeni mikeka ya mechi za Uingereza.

Msomaji wenu,
Shinyanga