Rehema, huo udongo sitakutumia

Nyarugusu, Geita
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mvua zimekata na vumbi limeanza. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza juzi nikiwa zamu ya usiku, nikaurudia kwa ajili ya kicheko chako tu. Mimba ya miezi minne! Baada ya yote mliyopitia wewe na shemeji, nililia palepale kwenye kiti, hadi mama mmoja aliyekuwa anasubiri kujifungua akaniuliza nimefiwa na nani.

Sasa, hayo uliyoniagiza. Pemba za Geita, vile vijiti vya udongo wa kula, zile nene zilizokaushwa kwa moshi, mfuko mzima, nimkabidhi konda wa basi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenichekesha mpaka nikakubali. Rehema, sitakutumia. Naomba uisome barua hii yote kabla hujaninunia.

Hiyo hamu naijua. Mimba ya Masanja nilikuwa naficha udongo kwenye mfuko wa gauni la kazi. Mvua ikigusa ardhi kavu tu, ile harufu, mate yananijaa mdomoni. Nilikuwa nanunua kwa bibi mmoja wa sokoni, viwili kwa shilingi mia, navunja kwa meno kimyakimya huku najaza kadi za kliniki za wenzangu na kuwahimiza wale mchicha. Masanja alizaliwa na kilo mbili na robo. Hakuna aliyepima damu yangu wala udongo ule, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba udongo ndio uliofanya. Lakini swali hilo ninalo hadi leo, na sitaki nawe ulibebe.

Mwaka jana nikamfuata yule bibi nione anachimba wapi. Tulishuka naye mpaka kijitoni, chini kidogo ya mialo, pale wanapooshea dhahabu. Juu yetu karasha zinanguruma, mawe yanasagwa, wanawake wameinama wanaosha unga wa mawe kwenye mbao zilizotandikwa magunia, na maji ya kijivu yanateremka hadi kwenye kile kijito. Bibi akachimba ukingoni, udongo laini kama siagi. Aliukanda kwenye beseni, akauviringisha kwa viganja mpaka ukawa kama chaki, akaupanga juu ya bati. Anafanya kazi yake kwa usafi kweli, hata majani alikuwa anayatoa moja moja. Nilisimama pale nikamtazama anavyohangaika kutoa majani, na kile kinachodhuru hakionekani kwa macho.

Unajua kaka yangu alichimba miaka sita kwenye duara, shimo la dhahabu. Siku moja alinipa jiwe na nyundo, akaniambia gonga unuse. Nikagonga. Lilitoa harufu ya kitunguu saumu kabisa, kama mtu anakaanga nyama. Nilicheka. Baadaye nikaja kujua kwamba harufu ile ni ya aseniki, ambayo ni sumu. Dhahabu ya huku mara nyingi haikai peke yake kwenye mwamba. Inakaa pamoja na madini yenye salfa, yale yanayong'aa yakakudanganya, na ndani ya mengine mna aseniki. Jiwe likiwa chini kabisa, limefungwa, halina hewa, aseniki hiyo imetulia maelfu kwa maelfu ya miaka haimdhuru mtu. Tatizo linaanza tukilitoa juu na kulisaga likawa unga. Hewa na mvua vinaingia kila punje, salfa inageuka tindikali, na tindikali inafungulia vilivyokuwa vimefungwa: aseniki, na penye risasi, ile metali nzito, risasi pia. Mlima wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, ulioachwa pembeni ya nyumba unaendelea kuchuruzika kila masika, hata kama waliousaga walishahama zamani. Na udongo laini wa mfinyanzi una tabia ya kuyashika madini haya na kukaa nayo. Ule ulaini unaoupenda mdomoni ndio huohuo unaoyashika.

Tena aseniki haina rangi, haina ladha. Maji yake ukiyachemsha huiondoi; maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Nisikuandikie kama muuguzi anayehubiri bila ushahidi. Kuna watafiti walipita vijiji vya Geita wakawahoji wajawazito 340, na 155 kati yao walikuwa wanakula udongo. Wengi wananunua dukani, wengi wanakula mara mbili au tatu kwa siku. Walipoupima udongo wenyewe walikuta aseniki na madini mengine mazito. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2014. Baadaye wakafuatiliwa wajawazito zaidi ya 1,000 wa kanda hii, na wale wanaoishi kwenye machimbo walikutwa na aseniki nyingi zaidi kwenye mkojo na zebaki, ile ya kunasia dhahabu, nyingi zaidi kwenye damu kuliko wanaoishi mbali nayo. Unaona, mimi na wenzangu tunayapata haya hata bila kula udongo. Wewe uko Dar, yamekukalia mbali, halafu nikufungie kwenye mfuko nikutumie?

Zebaki ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inaingia hadi jikoni. Jirani yangu wa nyuma huchomea dhahabu uani. Wiki iliyopita nilikuwa naanua nguo, nikamwona amechuchumaa kwenye jiko la mkaa, lilelile wanalopikia maharage. Alikuwa na kidonge cha rangi ya fedha kwenye kijiko, kadiri ya punje ya karanga, zebaki imeikumbatia dhahabu. Kijiko kikapata moto, kile cheupe kikaanza kufifia, na njano ikajitokeza taratibu kama jua linapochomoza. Ni kitu kizuri kukitazama, Rehema, nakwambia ukweli. Ila ule weupe haujaisha, umeruka. Umekwenda na upepo kwenye nepi za mjukuu wake zilizokuwa kwenye kamba, na kwenye mapafu ya mkwewe aliyekaa hatua tatu pale, mimba ya miezi saba. Mvuke wa zebaki ukivutwa, sehemu kubwa inabaki mwilini, na kondo la nyuma haliuzuii. Niliwaambia, wakanisikiliza kwa heshima. Kuna kifaa cha kuukamata mvuke huo, ritoti. Hata Rwamagasa hapo jirani mradi wa Umoja wa Mataifa ulishawahi kuwaonyesha wachimbaji. Na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Pamoja na hayo zebaki bado inapimwa kwa kizibo cha soda, na anayechoma dhahabu ya elfu hamsini hana muda wa kufunga mabomba. Simlaumu. Mkwewe ndiye anayenikosesha usingizi.

Huko Minamata kwenyewe, Japani, zebaki ilitoka kiwandani ikaingia baharini, ikaingia kwenye samaki. Wapo akina mama waliokula samaki wale wakabaki karibu wazima, wakazaa watoto walioharibika ubongo. Mtoto tumboni anaivuta kuliko mama. Na Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani, mengine kwa mashine zilezile za nafaka, wakafa watoto zaidi ya 400. Karasha za huku kwetu ziko katikati ya nyumba vilevile. Ndiyo maana ukinisikia nimepaza sauti, vumilia.

Jambo jingine, kama bado una zile krimu na sabuni za kujichubua za enzi za chuo, zitupe leo hii. Watafiti waliokuja kupima nywele za watu wa kando ya ziwa miaka ya 1990 walikuta kwamba baadhi ya waliokuwa na zebaki nyingi sana waliipata kwenye sabuni za namna hiyo.

Sasa kuhusu hamu yenyewe, maana najua haisikii maneno. Nenda kliniki wakupime wingi wa damu, na mwambie muuguzi ukweli kwamba unakula udongo. Hatakushangaa, wengi anaowahudumia wanakula. Mara nyingi hamu hii inakuja pamoja na upungufu wa damu, na mwili uliopungukiwa madini ya chuma unazifyonza risasi na wenzake kwa pupa zaidi. Vidonge vya damu umeze kila siku, visikuishie. Usivimeze na chai, chai inavizuia. Meza na maji ya ndimu au ukwaju. Ubuyu pia, ila ule mweupe usiotiwa rangi.

Nami sikuachi mikono mitupu. Kesho namkabidhi konda boksi. Mna dagaa kilo mbili, nimewachagua mwenyewe mwaloni kwa wavuvi. Sangara mkubwa amekula samaki wenzake miaka na miaka, chochote walichobeba kimeishia kwake. Dagaa anaishi muda mfupi, hana nafasi kubwa ya kulimbikiza, na damu anaongeza. Mna karanga. Mna matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya mama kutoka Kwimba, amekausha mwenyewe juu ya jabali. Weka mkononi moja kila hamu ikikujia. Ni magumu, yanatafunwa polepole, yana kaharufu ka vumbi na jua, nilipokuwa na mimba ya pili ndiyo yaliyonivusha.

Basi litafika stendi ya Mbezi Jumanne alfajiri, mwambie shemeji awahi, boksi limefungwa kwa kitenge cha bluu chenye kanga weupe. Hicho kitenge usimrudishie konda wala usikifanye pazia. Ni cha kumbebea mtoto, nilimbebea Masanja.

Nitakupigia Jumanne jioni nisikie ukitafuna.

Wako akupendaye,
Kabula