Msiwakataze wagonjwa wa figo maharagwe kabla ya kupima damu

Ndugu Mhariri,

Ushauri mliochapisha kuhusu ugonjwa sugu wa figo unamtaka kila mgonjwa aache maharagwe na mboga za majani. Ninamuuguza mama yangu hapa Kadutu, Bukavu, naye aliwahi kuambiwa hivyo hivyo. Akabaki na bugali na chai, akadhoofika, kwani nyama hatuimudu na maharagwe ndiyo yanayoujenga mwili katika nyumba nyingi za mji huu.

Kinachoogopwa ni potasiamu, madini yaliyomo katika vyakula hivyo, ambayo figo zilizochoka hushindwa kuitoa, na ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo. Hofu hiyo ina msingi. Lakini wagonjwa wengi walio katika hatua za mwanzo wana kiwango cha kawaida, yaani takriban milimoli 3,5 hadi 5 kwa lita, na anayepaswa kupunguziwa vyakula hivyo ni yule ambaye kipimo kimeonyesha potasiamu imezidi. Ama fosforasi ya maharagwe, madini mengine ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa, sehemu kubwa haifyonzwi na mwili, tofauti na fosfeti, yaani fosforasi inayotiwa viwandani katika soseji na soda nyeusi. Inauma kuona mgonjwa ananyimwa maharagwe huku wageni wakimletea soda ili apate nguvu.

Jambo kubwa liko jikoni. Potasiamu huyeyuka katika maji, kwa hiyo maharagwe yakilowekwa usiku kucha, maji hayo yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa maji mengi mapya hadi yaive kabisa na maji hayo nayo yakamwagwa kabla ya kuyaunga, sehemu kubwa ya potasiamu huondoka. Najua si rahisi kumwaga mchuzi ambao ndio unaoshushia bugali, lakini kuloweka kunapunguza angalau makala (mkaa) ya kupikia. Lengalenga (mchicha) nazo zikatwe, zichemshwe, zikamuliwe. Sombe, yaani majani ya muhogo, inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tumezoea kuipika hadi maji yake yote yakaukie humo humo. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyoiva inatosha kwa mlo mmoja, bila kuongeza avoka wala ndizi katika sahani hiyo.

Hatari ambayo hamkuitaja kabisa ni chumvi ya majivu, ambayo akina mama wengine hutia ili chakula kilainike upesi. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, na kijiko chake hurudisha kile kilichomwagwa. Vivyo hivyo chumvi zinazouzwa kwa wenye presha kama mbadala wa chumvi ya kawaida: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Naomba mrekebishe ushauri huo, mweleze namna ya kupika, na muwahimize wagonjwa waulizie kipimo cha potasiamu kila wanapopimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, hasa wanaomeza enalapril au losartan, kwani dawa hizo za presha nazo huweza kuipandisha. Wanaosafishwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi, na kiasi chao kipangwe na daktari wao.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu