Zile sarafu za Mjomba Shomari

Kilwa Masoko
Jumapili, baada ya isha

Shoga yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Hujambo, na watoto, na shemeji? Sisi huku wazima, ila Mama magoti yanamsumbua na kusi hili linamzidishia. Najua tangu Mfungo Sita ilikuwa zamu yangu kukuandikia. Niwie radhi, kusahihisha mitihani kumenila siku zote. Leo nimeweka karatasi za watoto pembeni baada ya kuona picha ulizonitumia.

Zainabu, zile sarafu tatu za kale alizozipata Mjomba Shomari akichimba shimo la choo huko kwenu, zisiuzwe kwa yule bwana wa Dar. Naomba nianze na hilo, mengine yatafuata.

Nimeikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa madoa matupu. Ya kushoto ina kutu ya kijani, ukingo umelika, lakini mwandiko wa Kiarabu bado unasomeka kidogo. Mbili zilizobaki zinang'aa. Kwa nini zinang'aa? Mjomba kazisugua, siyo? Kwa ndimu na majivu, kama sufuria ya pilau ya harusi. Mwambie aache, mwambie leo hii hii. Ni shaba nyembamba ile, haizidi ukucha wa kidole gumba, ukiisugua herufi zinaondoka, na bila herufi hatutajua ni ya sultani yupi.

Sarafu hizo zilifuliwa hapa hapa Kilwa. Upande mmoja wanaandika jina la sultani, ukiigeuza unakuta maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande mbili hizo yanaoana kwa vina. Ubeti mzima wa shairi, shoga, juu ya kipande cha shaba cha kununulia mtama! Marehemu babu yako, aliyekuwa akitukatisha mchezo ili tumsikilize akisoma tenzi, angezikumbatia. Unalikumbuka lile birika la pembe nane kule Husuni Kubwa, yale magofu ya Kilwa Kisiwani, tulipokaa ukingoni tukila maembe mabichi? Jumba lile ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akaandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Sarafu yake moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe, kama kilomita 1,500 kutoka hapa, huko ilikotoka dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala kuja kwetu. Sarafu moja tu, lakini imeziunganisha nchi mbili.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi. Ni lile shimo la choo.

Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Alikwenda kuvua, akaona sarafu mchangani, akaziokota akazitia kwenye kopo. Zilikaa humo miaka zaidi ya thelathini. Zilipokuja kuangaliwa na wajuzi, nne zikawa za Waholanzi, na tano, Zainabu, tano ni za Kilwa! Australia! Zilifikaje? Kwa Wareno? Kwa mabaharia waliozipata Uarabuni au Bara Hindi? Mpaka leo watu wanabishana, na wengine wametunga hadithi ndefu za manahodha wetu kufika huko kabla ya Wazungu. Natamani iwe kweli, sikufichi. Lakini huwezi kulijua hilo kwa sarafu iliyotolewa kwenye kopo. Ilikuwa chini kiasi gani, ilikuwa na nini pembeni yake, ilikuwa na zile za Kiholanzi au mbali nazo, yote hayo yalipotea siku ile ile alipoinama kuziokota.

Sasa linganisha na huko kwenu kisiwani Songo Mnara, kwenye magofu ya mji wa kale. Wale wachimbaji waliokuja kuanzia 2009, ambao Mjomba mwenyewe aliwabebea maji, walikuwa wakikwangua udongo kidogo kidogo na kuandika kila kitu mahali kilipolala. Ndiyo maana wakaona kwamba kuna sarafu na vijiwe vyeupe vilivyoachwa penye makaburi. Mtu alikwenda kumzuru mzee wake, akaacha kisarafu. Mimi nilipolisikia hilo nilisisimka, kwa sababu bibi yangu naye haendi makaburini mikono mitupu. Hakuna kitabu kilichoandika habari hiyo. Imejulikana kwa sababu sarafu zilikutwa pale pale zilipowekwa.

Huyo bwana wa Dar atampa Mjomba elfu hamsini, atazitia kwenye kibahasha, na baada ya hapo zitakuwa sarafu za popote. Na sheria pia ipo, usifikiri naitunga: ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuviuza bila kibali ni kosa. Sitaki kumtisha mzee. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, wewe anakusikiliza.

Juzi nilikuwa nawafundisha watoto ile hadithi ya Ali bin al-Hasan, Mshirazi kutoka Uajemi aliyekinunua kisiwa cha Kilwa kwa kukizungushia nguo. Mmoja akauliza, "Mwalimu, ni kweli?" Nikamwambia nguo hatujaziona, ila ardhini wamekuta watu walikuwa wakiishi Kisiwani, wakifinyanga vyungu vyao na kufua chuma chao, kabla ya zama anazotajwa huyo Ali. Na mwaka 2023 yalitoka majibu ya vinasaba vya mifupa ya kale ya watu wapatao 80 wa pwani yetu: wengi wao upande wa mama ni Waafrika, na upande wa baba wamo Waajemi, waliochanganyika nao tangu kama miaka elfu iliyopita. Kwa hiyo wazee hawakusema uongo, wala hawakusema yote. Mtoto yule alinyamaza, kisha akasema, "Basi na sisi tumo." Nataka apate nafasi ya kuuliza zaidi. Sasa Mjomba akiuza...

Basi, nijibu haya upesi. Shimo lina kina gani, kimo cha mtu au zaidi? Sarafu zilikuwa pamoja au kila moja mahali pake? Aliona mkaa, vigae vya bakuli, chokaa, mifupa? Udongo aliotoa kaumwaga wapi, na bado upo? Ameshaanza kujenga? Nani mwingine ameziona, Hamisi anajua? Maana Hamisi akijua, bandari nzima imejua. Na huyo bwana ameshatoa chochote, au ni maneno tu?

Jumamosi nitapanda mashua ya asubuhi na yule kaka wa Idara ya Mambo ya Kale, aliyekuja kwenye msiba wa Bi Zuhura. Mwambie Mjomba haji kumkamata mtu, anakuja kupima na kuandika, na jina la Shomari litaandikwa kuwa ndiye aliyezipata. Mpaka hapo azifunge kwenye kitambaa kikavu, asiziguse, na achimbe choo upande wa pili wa mnazi.

Mwanaidi